Maswali yenu: nguvu ya kinu haifunguliwi kama bomba

Tangu niandike juu ya fueli ya vinu vya nyuklia, barua zimenijaa. Nusu yake zinauliza jambo ambalo nimekwisha kulijibu, na nyingi za zilizobaki zinauliza megawati: kinu kikubwa kiasi gani, kitawasha nyumba ngapi. Mnaouliza kinu kitapanda kwa kasi gani, na kitashuka mara ngapi kwa wiki, ni wachache mno, ilhali maradhi ya fueli huanzia hapo. Hao wachache nimewapa nafasi leo. Wengine nimewajibu kwa kadiri ya swali.

Je, kinu cha umeme kinaweza kulipuka kama bomu la atomiki? (Wasomaji wanane, miji mbalimbali)

Hapana. Urani ya vinu vingi vya umeme imerutubishwa kwa asilimia 3 hadi 5 tu, na bomu haliundwi na urani ya namna hiyo. Mvuke unaweza kulipuka, hidrojeni pia, na yote mawili yameshatokea, lakini hayo ni mambo mengine. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Ya nne sitaijibu.

Shikamoo Mwalimu. Uliandika kwamba gesi za mpasuko hubanwa ndani ya kidonge cha fueli. Nguvu ya kinu ikipanda, gesi hizo hutokaje? (Mwanafunzi wa fizikia, Dodoma)

Marahaba. Swali lako nitalikalia kitako.

Kila viini 100 vya urani vinapopasuka huzaliwa atomi karibu 30 za gesi, nyingi zikiwa zenoni, na kriptoni kidogo. Gesi hizi hazipatani na oksidi ya urani, ambayo ndiyo kidonge chenyewe. Hazina nafasi katika mpangilio wa kioo chake, kama abiria waliopandishwa daladala iliyokwisha kujaa. Kidonge kikiwa baridi zimenasa pale pale zilipozaliwa. Joto likipanda zinaanza kutambaa ndani ya punje ndogo zinazounda kidonge, na punje yenyewe ina upana wa kama mikroni 10 tu. Nyingine hukutana njiani zikafanya viputo vidogo mno, vya nanomita. Vipande vya mpasuko vinavyopita kwa kasi huvivunja viputo hivyo na kuirudisha gesi ndani ya kioo, kisha safari inaanza upya. Kwa hiyo mpasuko ule ule unaozaa gesi ndio pia unaoizuia isitoke, jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa sentensi moja.

Gesi inayofika mpakani mwa punje hukusanyika kwenye viputo vipana vyenye umbo la dengu. Viputo vinakua, vinagusana, vinaungana, na mwisho vinafungua vichochoro kwenye kingo za punje mpaka nje ya kidonge. Siku vichochoro vikifunguka, gesi iliyokusanywa kwa miezi hutoka kwa pamoja. Kwenye kinu cha Halden, Norwei, kilichofanya kazi tangu miaka ya mwisho ya 1950 hadi 2018, walipima ni katikati ya kidonge kwenye joto gani ndipo asilimia moja ya gesi huwa imetoka. Umri wa fueli hupimwa kwa nishati iliyokwisha kuitoa: kwa fueli iliyokwisha toa gigawati-siku 10 kwa tani ya oksidi, kizingiti ni karibu nyuzi 1,290 za Selsiasi. Ikifika gigawati-siku 50, kizingiti kinashuka hadi karibu 1,060. Maana yake ni kwamba nguvu ambayo fueli changa inaibeba bila shida, fueli kongwe itaibeba ikivuja gesi ndani kwa ndani.

Sasa pandisha nguvu ghafla. Kidonge ni kauri, kina upana wa kama milimita 8, katikati ni nyuzi zaidi ya elfu na ukingoni mia nne au tano. Kimekwisha kupata nyufa tangu siku ya kwanza kinu kilipowashwa. Muulize mfinyanzi yeyote: chungu kinachopashwa polepole hudumu, kinachotupwa kwenye moto mkali hupasuka. Lakini ukimwuliza vizuri zaidi atakuambia pia kwamba chungu cha moto ukikimwagia maji baridi hupasuka vile vile, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hushindwa mtihani. Gesi hutoka nguvu inapopanda, na hutoka pia inaposhuka. Nguvu ikiwa juu, kidonge kimejibana katikati na vichochoro vingi vimefinywa. Nguvu ikishuka, mbano unalegea, mipaka ya punje inapasuka, na gesi iliyokuwa imezuiliwa inapata njia. Vipimo vya shinikizo ndani ya fimbo, yaani mrija mrefu unaobeba vidonge, vimeonyesha mara nyingi ngazi ya ghafla wakati mwendeshaji anapunguza nguvu, yaani wakati anapodhani anaistarehesha fueli.

Kuna na mzunguko mwingine wa kuogopwa. Fimbo mpya hujazwa heliamu, gesi inayopitisha joto vizuri kutoka kwenye kidonge kwenda kwenye ganda la zirikoni. Zenoni hupitisha joto vibaya, chini yake kwa zaidi ya mara 20. Zenoni ikitoka inaichafua heliamu, kidonge kinazidi kupata moto, zenoni nyingine inatoka. Mhandisi asiyelihesabu hilo amehesabu kinu cha siku ya kwanza tu.

Mionzi ikivuja kwenye fueli inakaa hewani miaka mingapi? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Mama, mionzi haikai. Inayokaa ni vitu vinavyotoa mionzi, na kila kimoja kina umri wake. Waandishi wa habari wamewachanganya na sitawalaumu ninyi. Zenoni-133 hupungua kwa nusu kila siku tano na kidogo. Iodini-131 kila siku 8. Kriptoni-85 karibu miaka 11. Sesiamu-137 miaka 30. Gesi za zenoni na kriptoni hupeperuka na hazishiki mwilini kama iodini, ambayo hukimbilia tezi ya shingo, hasa ya mtoto.

Hukuniuliza hili, lakini nalisema: vidonge vya iodini humezwa kwa amri ya mamlaka ya afya na kwa wakati wake. Iodini ya kupaka vidonda hainywewi kabisa. Na chumvi yenye madini joto haitakusaidia kitu hata ukila kilo nzima. Machi 2011, baada ya ajali ya vinu vya Fukushima, Japani, watu China waligombania chumvi madukani mpaka ikaisha kwenye rafu. Walichopata ni chumvi tu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya gesi, Kinyerezi. Sisi mtambo unapanda kwa dakika. Wenzetu wa nyuklia wanatambaa kama kobe. Ni uoga au ni uzembe? (Fundi, Dar es Salaam)

Si uoga wala uzembe, bwana fundi. Ni somo walilolilipia.

Ganda la fimbo ni aloi ya zirikoni yenye unene usiozidi sana nusu milimita. Nje yake kuna maji yenye shinikizo, baa 155 kwenye vinu vya maji yenye shinikizo na karibu 70 kwenye vya maji yanayochemka. Mwanzoni kuna nafasi ndogo kati ya kidonge na ganda. Miezi inavyopita, maji yanalibana ganda ndani, kidonge kinavimba, na nafasi inafungwa. Sasa wamegusana. Ukipandisha nguvu, kidonge kinatanuka kuliko ganda, tena hutanuka kwa umbo la ngoma iliyobanwa kiuno, ncha zikisukuma zaidi ya katikati. Ganda linavutwa hasa pale kwenye ncha na mbele ya nyufa za kidonge. Wakati huo huo joto limeachilia iodini, na iodini ikikuta zirikoni iliyovutwa hula kwenye mipaka ya punje zake. Mvuto peke yake ungevumilika. Iodini peke yake pia. Vikikutana kwa saa chache, ufa mwembamba kama unywele unatoboa ganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 fimbo nyingi zilitoboka hivyo, na mwanzoni watu walitafuta kosa kiwandani. Haikuwa kiwandani. Majaribio ya kupandisha nguvu yaliyofanywa Studsvik, Uswidi, kwenye kinu cha R2 kilichofungwa 2005, na yale ya Risø, Denmark, yalionyesha kwamba fueli ina kumbukumbu. Ikizoeshwa nguvu fulani polepole, ganda linajilegeza na baadaye unaweza kupanda hadi pale kwa haraka. Ukivuka pale ilipozoea, rudi kwenye mwendo wa kobe, asilimia chache tu kwa saa. Na ukiiacha kwa wiki nyingi kwenye nguvu ndogo, inasahau, na inabidi uizoeshe upya. Kinu cha Ufaransa kinachofuata mahitaji ya gridi kinaweza kubadili nguvu kwa asilimia kadhaa kwa dakika, ndiyo, lakini ndani ya eneo ambalo fueli imekwisha lizoea, na kanuni zao zinaweka mipaka ya siku ambazo kinu kinaruhusiwa kukaa chini.

Viwanda navyo havikukaa tu. Vidonge vikakatwa kingo na kuchimbwa ncha ili visisukume sana. Kwa vinu vya maji yanayochemka, ganda likapigwa bitana ya zirikoni laini kwa ndani. Bitana hiyo ilipunguza sana ajali hizi, halafu ikaleta usumbufu wake: maji yakishaingia kwenye fimbo iliyotoboka kwa sababu nyingine, bitana isiyo na viungo vya aloi hushika kutu upesi na tundu dogo linakuwa mpasuko mrefu. Kwa hiyo mtu akikuambia amepata fueli ambayo nguvu yake unaweza kuichezea utakavyo, muombe takwimu za majaribio ya kupandisha nguvu kwa fueli hiyo hiyo, iliyokaa kinuni miaka hiyo hiyo. Asipoleta, rudi kwenye turbini zako.

Zenoni hiyo unayoisema ndiyo iliyoleta Chernobyl? (Msomaji, Mombasa)

Unachanganya mambo mawili, na huko peke yako. Zenoni inayovimbisha fimbo ni ile tulivu inayojikusanya kwa miaka. Ya Chernobyl ni zenoni-135, inayoishi kwa saa, nusu yake ikitoweka kila saa 9 na kidogo. Hiyo hunyonya nyutroni, chembe zinazoendeleza mpasuko, kuliko karibu kitu chochote kinachojulikana. Haizaliwi sana moja kwa moja, mama yake ni iodini-135 yenye nusu-umri wa saa 6 na nusu hivi. Kinu kikiwa juu, zenoni inazaliwa na papo hapo inachomwa na nyutroni. Ukishusha nguvu, nyutroni za kuichoma zimepungua lakini mama bado anazaa, basi sumu inaongezeka kwa saa kadhaa.

Wamarekani walikutana nayo Hanford, Septemba 1944. Kinu B kiliwashwa, kikapanda vizuri, kikafifia chenyewe mpaka kikazima, halafu baada ya saa kadhaa kikaamka tena. Wanafizikia John Wheeler na Enrico Fermi wakaitambua zenoni kwa kufuatisha saa hizo. Kilichowaokoa ni wahandisi wa DuPont, kampuni iliyokijenga kinu, waliokuwa wamesisitiza kuacha nafasi ya ziada: mirija ya fueli 2,004 badala ya 1,500. Wanafizikia walikuwa wamewaona kuwa waoga kupita kiasi.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl kilikuwa kimeshushwa kwa ajili ya jaribio. Nguvu ikaporomoka hadi kama megawati 30 za joto, wakati mpango ulitaka 700 au zaidi. Wakaipandisha kwa taabu hadi 200 kwa kuvuta nje karibu fimbo dhibiti zote, zile zinazonyonya nyutroni ili kupunguza nguvu, maana zenoni ilikuwa inakila kinu. Hapo ndipo zenoni inapoingia kwenye hadithi: iliwashawishi wavute fimbo. Haikulipua kitu. Kilicholipua ni kinu kilichoongeza nguvu maji yake yanapogeuka mvuke, chenye fimbo dhibiti zenye grafiti chini yake, ambazo zikiingia kutoka juu kabisa huongeza nguvu kwanza kabla ya kuipunguza. Tabia hiyo ya fimbo ilikuwa imekwisha kuonekana kwenye kinu cha Ignalina, Lithuania, mwaka 1983, na waendeshaji wa Chernobyl hawakuelezwa. Ukitaka wa kulaumiwa, anzia kwenye siri hiyo. Gesi haina hatia.

Kuna ukweli kwamba fueli kongwe ni dhaifu nguvu ikiruka ghafla? (Mhandisi mstaafu, Nairobi)

Upo, mzee wangu, na umechelewa kukubaliwa. Nguvu kuruka kabisa, si kupanda, ni jambo la milisekunde. Kule Idaho, tarehe 3 Januari 1961, kinu kidogo cha jeshi kiitwacho SL-1, cha megawati 3 za joto, kilivutwa fimbo dhibiti ya katikati kwa mkono. Kwa kama milisekunde 4 nguvu ilifika karibu megawati 20,000. Watu watatu walikufa.

Mwaka 1974 Marekani iliweka kikomo cha nishati ambayo fueli inaweza kumiminiwa nguvu ikiruka: kalori 280 kwa gramu ya fueli. Kikomo hicho kilitokana na majaribio ya fueli changa au iliyotumika kidogo. Ikapita karibu miaka 20. Novemba 1993, huko Cadarache, Ufaransa, kwenye kinu cha CABRI, wakairushia nguvu ghafla fimbo iliyokwisha toa gigawati-siku 64 kwa tani. Ikapasuka ilipofika karibu kalori 30. Kipimo hicho kimebishaniwa sana tangu siku ile, na baadhi ya hoja za wabishi zina uzito, lakini Wajapani nao kwenye kinu chao cha NSRR, Tokai, waliona fimbo kongwe ikipasuka kwenye kalori kama 60. Huwezi kuwabishia wote.

Sababu ni mbili na zinasaidiana. Ukingo wa kidonge kongwe hubadilika: punje za mikroni 10 hujigawa zikawa za sehemu ndogo ya mikroni, na gesi yote inahamia kwenye vitundu vyenye shinikizo kubwa. Joto likiruka, ukingo ule unafumuka na kusukuma ganda. Ganda nalo limekula hidrojeni kutoka kwenye maji kwa miaka, limekuwa kavu kama kuti. Mamlaka ya nyuklia ya Marekani ilitoa mwongozo mpya unaohesabu hayo mwaka 2020. Tangu 1993 hadi 2020 ni miaka 27, na katika miaka hiyo viwanda viliendelea kuomba ruhusa ya kuiacha fueli kinuni muda mrefu zaidi. Wanaomba hata leo. Mimi ningewapa ruhusa hiyo baada ya majaribio, si kabla.

Mwaka 2021 fimbo zilivuja Taishan, China. Mbona hawakuzima mara moja? (Msomaji, Muscat)

Walisema ni fimbo kama 5 kati ya zaidi ya 60,000, idadi ambayo kinu kinaruhusiwa kuendelea nayo mradi gesi ndani ya maji haijavuka kikomo. Na kuzima kwenyewe kuna gharama: nguvu ikishuka, maji huingia kwenye fimbo iliyotoboka, huyeyusha chumvi za iodini na sesiamu, na iodini ndani ya maji hupanda kwa ghafla mara nyingi kuliko ilivyokuwa kinu kikiwaka. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea ulikuwa na mantiki. Kibaya ni kwamba wakazi walizisikia habari hizo kwanza kutoka televisheni ya Marekani mwezi Juni. Kinu kilizimwa mwisho wa Julai.

Kinu cha Kinshasa kiliwahi kupata matatizo hayo ya gesi? (Msomaji, Lubumbashi)

Hapana. TRICO I ya 1959, ya kwanza Afrika, na TRICO II ya 1972 ni vinu vya aina ya TRIGA, vya utafiti. Fueli yake ni urani iliyochanganywa na hidridi ya zirikoni: ikipata moto inajipunguzia nguvu yenyewe papo hapo, na gesi inayotoka ndani yake ni kidogo mno. TRICO II imelala tangu 2004. Ninyi wa Katanga mliotoa urani ya mgodi wa Shinkolobwe mna haki ya kuuliza maswali makali kuliko hilo.

Kenya ikijenga kinu na gridi ikazima nchi nzima kama ilivyotokea, kinu si ndicho kitakachoturudishia umeme haraka? (Msomaji, Kilifi)

Kinyume chake. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya Kenya kilivuka megawati 2,300. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kwenye gridi hiyo ni tembo kwenye mtumbwi: kikizima, gridi inaanguka, gridi ikiyumba, kinu kinajizima. Kila kujizima ni kushuka kwa ghafla, na nimekwisha eleza kushuka kunaifanyia nini fueli. Baada ya hapo zenoni-135 inapanda, inafika kileleni baada ya saa kama 10 au 11, na fueli ikiwa imekaribia mwisho wa zamu yake huenda kinu kisikubali kuwaka mpaka kesho yake au zaidi. Wakati ninyi mko gizani, kinu nacho kinasubiri.

Tena kinasubiri huku kikihitaji umeme. Mazao ya mpasuko hayazimiki. Kinu cha megawati 3,000 za joto, sekunde ya kwanza baada ya kuzimwa, bado kinatoa karibu 200. Saa moja baadaye bado ni makumi ya megawati, na pampu za kuondoa joto hilo lazima zizunguke kwa dizeli kama gridi haipo. Fukushima iliangukia hapo hapo. Agosti 2023 giza lilipoishika Kenya nzima, jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka. Abiria walikaa gizani, wakalalamika, wakasafiri. Basi wanaotaka kujenga kinu wakija tena Kilifi na picha zao nzuri, msiwaulize megawati. Waulizeni jenereta za dizeli zitakuwa ngapi, zitajaribiwa kila baada ya siku ngapi, na kitabu cha majaribio hayo atakishika nani.